Tunauza Mayai, Tunanunua Soda: Ulaji Huu Unatumaliza Wakulima

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mwenye duka, leo siandiki kuhusu mbolea wala viwavijeshi vamizi. Leo nataka tubishane. Tubishane kwa heshima, lakini tubishane, kwa sababu kila ninapogusa habari ya kula vizuri na kufanya mazoezi kidogo najibiwa neno lilelile: "Bwana shamba, hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye pesa."

Nasema si kweli. Chakula bora kinatoka shambani kwako. Kinapita mlangoni kwako kila wiki kikielekea barabarani kuuzwa. Tatizo letu kubwa si kukosa chakula hicho, ni kwamba tumekubali kukilima, kukifuga, kukibeba na kukiuza bila kukionja.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Tuanze na hesabu, maana mkulima haogopi hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 hapa Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Sasa niambie, ni mikoa gani iliyoongoza? Si ile tunayosikia kila mwaka kwamba mvua imekatika na njaa imeingia. Ni Iringa, takribani 57 kati ya kila watoto 100. Zikafuata Njombe na Rukwa, kama 50 kati ya 100 kila mmoja.

Iringa, Njombe, Rukwa. Mikoa ya mahindi, maharage, viazi, maziwa, na sasa maparachichi. Malori yanatoka huko usiku na mchana kwenda kulisha miji. Mtu akikuambia udumavu unatokana na kukosa mashamba au kukosa mvua, mpe hizo namba tatu kisha mwache azitafakari.

Sababu za udumavu ni zaidi ya moja. Kuna maji machafu na kuhara, kuna malaria na minyoo, kuna mama kufanya kazi nzito akiwa mjamzito na kukosa muda wa kumnyonyesha na kumlisha mtoto ipasavyo. Lakini sahani nayo imo ndani ya kesi hii. Uji mweupe wa sembe asubuhi, ugali mweupe mchana, ugali mweupe usiku na mboga kidogo pembeni. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Na siku zinazoamua zaidi ni zile 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka 2. Zikipita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana.

"Nikila mayai, sare nitanunua na nini?"

Hili ndilo jibu ninaloliheshimu kuliko mengine yote, kwa sababu ni la kweli. Pesa inahitajika. Sare, madaftari na michango ya shule havilipwi kwa hotuba za lishe. Mama anayepeleka trei nne za mayai mnadani hafanyi hivyo kwa ujinga, anafanya kwa sababu hiyo ndiyo pesa ya haraka aliyonayo.

Sikuambii usiuze. Nakuambia usiuze zote. Kati ya trei nne bakiza moja. Trei moja ni mayai 30. Ukiwa na watoto watatu, kila mmoja anapata mayai 10. Kwa maziwa fanya vivyo hivyo: kabla hujamimina kwenye chombo cha mnunuzi, pima ya nyumbani kwanza. Kwa maharage, toa debe la familia siku ya kupura, si siku ya kukwama. Kwa parachichi, yale yaliyokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya ukubwa au alama kwenye ganda hayana kosa lolote mdomoni.

Halafu tuulizane kuhusu pesa yenyewe ikishapatikana. Nimekaa kwenye minada mingi. Mtu anauza mayai asubuhi, saa sita mchana amekaa kivulini na soda na maandazi mawili. Soda moja ya chupa ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi. Haina protini, haina madini ya chuma, haina vitamini ya maana. Yai moja lina protini kama gramu 6, pamoja na vitamini na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Piga hesabu kwa bei ya kijijini kwako: soda hiyo ingenunua mayai mangapi? Biashara ya namna hii ukiifanya kwenye mahindi, utaitwa mjinga na jirani zako. Ukiifanya kwenye mwili wako, unaitwa mtu wa kujiweza.

Na huyo mtoto tunayemnunulia daftari, tunategemea ajifunze na kichwa gani? Sare mpya kwenye mwili uliodumaa haitoshi. Ada ya kwanza ya mtoto hulipwa kwenye sahani.

Kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi

Sasa tufike mashineni. Tunapeleka mahindi, tunayakoboa, tunayaloweka, tunayaanika, tunayasaga, tunapata unga mweupe kama chaki na tunaona fahari. Ule utando wa juu na kile kiini vinatoka vikiwa pumba. Ndani ya pumba hizo kuna nyuzinyuzi, mafuta mazuri, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Tunazifunga kwenye kiroba, tunawapelekea kuku na nguruwe. Kisha tunashangaa mbona nguruwe ananenepa na mtoto hanenepi.

Viwanda vikubwa vya unga hutakiwa kuongeza virutubishi kufidia kilichotoka. Mashine ya kijijini kwa kawaida haiongezi kitu. Ukikoboa hapo, umetupa na hakuna aliyekurudishia.

Najua hoja ya upande wa pili. Dona haikai muda mrefu, dona ina ladha kali, na dona ina hatari ya sumukuvu. Mbili za kwanza ni rahisi: saga kidogo kidogo, unga wa wiki moja au mbili, na mdomo utazoea. Ya tatu ni nzito na siidharau hata kidogo. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini sumukuvu huletwa na mahindi yaliyovunda, na dawa yake inaanzia shambani. Usianike mahindi juu ya udongo mtupu, tumia turubai. Chambua, na punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa zitupe. Usimpe hata kuku, maana sumu hiyo inaweza kurudi kwako kupitia kuku huyohuyo.

Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikibaki chini bila kuganda, yamekauka. Baada ya hapo tumia mifuko isiyopitisha hewa na uifunge barabara. Mahindi ya namna hiyo ndiyo ya dona. Na sembe nayo isikudanganye: kukoboa hupunguza sumukuvu lakini mahindi yaliyooza hayageuki kuwa salama kwa sababu tu yamekuwa meupe.

"Mkulima hahitaji mazoezi, jembe linatosha"

Hapa kuna nusu ya ukweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima, kupalilia na kubeba ndoo vinahesabika. Mkulima wakati wa masika ameshavuka kiwango hicho kabla ya Jumatano.

Lakini masika si mwaka mzima. Kwetu sisi wa msimu mmoja wa mvua, mahindi yakishaingia ghalani kuna miezi ya kukaa. Kijiweni asubuhi, kwenye bao mchana, kwenye pombe jioni, na bodaboda ya kwenda dukani mwendo wa dakika kumi. Mwili uliokaa miezi mitatu unapelekwa shambani ghafla mvua ya kwanza ikinyesha, na unalimishwa tangu alfajiri hadi jua kali. Kiuno kinakataa, goti linavimba, na tunasema ni uzee au tumerogwa.

Tena jembe la mkono linauchosha mwili kwa upande mmoja tu: umeinama, umekaza mgongo, unavuta. Halinyooshi kitu. Kwa hiyo mazoezi ya mkulima si kuongeza kuchoka. Ni haya mepesi: kabla ya kuanza kulima, tembea dakika tano, zungusha mabega, inuka na kuchuchumaa mara kumi taratibu. Ukiwa shambani, simama wima kila unapomaliza tuta, weka mikono kiunoni na ujinyooshe. Badilisha mkono wa mbele. Weka mpini mrefu kwenye jembe lako. Mpini mfupi hauongezi mavuno, unaongeza maumivu. Na wakati wa kiangazi usiache kutembea: nusu saa kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini usioweza kuimba, siku tano kwa wiki.

Na hapa nina neno kwa kina baba. Mama mjamzito anayelima, akirudi na mzigo wa kuni kichwani, kisha ndoo ya maji, kisha jikoni, usimwambie habari ya mazoezi. Huyo anachohitaji ni kupunguziwa mzigo na kuongezewa chakula. Wewe uliyekuwa kwenye bao ndiye mwenye upungufu wa mazoezi, na ndoo ya lita 20 ni zoezi zuri sana.

Wewe mwenye duka, usijifiche

Mfanyabiashara wa kijijini yuko kwenye hatari kuliko mkulima, na hajui. Anafungua saa 12 asubuhi, anafunga saa 3 usiku, muda wote yuko kwenye stuli. Chai yenye sukari nyingi na chapati asubuhi, soda mchana, chipsi usiku. Kitambi kikitokea, watu wanampongeza: "Mambo yako mazuri, unaonekana!" Tuache pongezi hizo. Kitambi si akiba benki. Mafuta ya tumboni hufungulia mlango kisukari na shinikizo la juu la damu.

Na msiseme presha ni ya mjini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliona kuwa takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Mtu anahisi mzima kabisa mpaka siku mkono unapooza na mdomo kupinda upande. Njia ya kujua ni moja tu: kupima. Ukipita zahanati kwa jambo lolote, omba upimwe presha. Ikizidi 140 ya juu au 90 ya chini kila unaporudi kupima, fuata ushauri wa mganga na usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu.

Mwenye duka simama kila nusu saa, panga bidhaa, fagia mbele ya duka. Ukienda mnadani karibu, mzigo uende na bodaboda, wewe tembea. Punguza chumvi: kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya pakiti.

Kuna jambo jingine, ndugu mwenye duka. Rafu yako ndiyo inayoamua watoto wa kijiji wanakula nini. Mbele umeweka biskuti, pipi, juisi za unga na soda. Karanga ziko wapi? Dagaa? Mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, njugu, maharage? Utasema vitu hivyo havitembei. Vitatembeaje vikiwa nyuma ya gunia la mkaa? Vitoe mbele mwezi mmoja. Funga karanga kwenye vifuko vidogo vya bei ya mtoto. Dagaa wapime kwa kikombe. Hujaombwa utoe sadaka, umeombwa uuze kitu kingine kwa faida ileile.

Spika za mwezi wa nane

Pesa ya mahindi ikishaingia, wanakuja watu na spika. Wanauza vidonge vya kusafisha damu, unga wa kuzibua mishipa, chai ya kuondoa kitambi, dawa moja ya magonjwa arobaini. Na hapo ndipo mtu aliyeniambia hana uwezo wa kubakiza mayai anapofungua fundo la kanga au pochi na kulipa bila kuuliza maswali.

Damu husafishwa na ini na figo, na Mungu alizileta bila kopo. Kinachozisaidia ni maji safi, mboga, matunda na kutembea. Anayekuuzia dawa inayotibu kila kitu, mwulize imesajiliwa wapi, na umwulize mbele za watu. Na ukiwa na kisukari au presha, usiache dawa za kituo cha afya kwa sababu ya kopo la mnadani. Watu wamezikwa kwa kosa hilo.

Anza wiki hii

Sitaki umalize kusoma ukiwa na hasira tu. Fanya haya:

1. Kwenye kila mlo mkubwa weka ugali, viazi au ndizi, pamoja na maharage, dagaa, yai au nyama, pamoja na mboga za majani. Maliza na tunda: papai, chungwa, embe au parachichi kulingana na msimu.

2. Osha mboga kabla ya kukata, si baada. Usizichemshe mpaka zipoteze rangi na usimwage maji yake. Ongeza mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee.

3. Chai usinywe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye maharage na mboga. Kunywa saa moja kabla au baada. Badala yake kamulia limau kwenye mboga.

4. Mtoto hadi miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo uji wake usiwe wa maji. Uwe mzito, wa dona au ulezi, wenye karanga safi zisizo na ukungu zilizosagwa, na maziwa au yai ukiwa nalo. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na zaidi.

5. Panda tuta mbili za mboga karibu na jiko, zimwagiliwe na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Mchicha huanza kuchumwa ndani ya mwezi mmoja.

6. Tembea nusu saa kwa siku, siku tano. Kama una maumivu ya kifua au unaishiwa pumzi kwa kazi ndogo, pita zahanati kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa asitembee akiwa na njaa.

7. Kwenye mkutano wa kijiji, mwulize mwenyekiti Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inafanyika lini. Inatakiwa iwepo kila robo mwaka. Nenda na mtoto apimwe, na wewe baba uende, isiwe shughuli ya kina mama peke yao.

Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha kazi yake, amegeuka mganga. Basi naomba mnijibu jambo moja. Tukiongeza magunia kutoka 10 hadi 25 kwa ekari, na nyumbani kwa aliyeyavuna mtoto amedumaa, mama hana damu na baba amepooza akiwa na miaka 50, kilimo hicho tumekiendeleza kwa ajili ya nani?

Msimu huu, kabla dalali hajapiga hodi, toa cha nyumbani kwanza. Kinachobaki ndicho cha sokoni.